Lami Inaliwa na Maji, Wao Wanahesabu Leni

Jamani, kila mipango ya barabara za kitaifa ikijadiliwa ni njia kuu, ni leni nne, ni tozo! Nairobi wana barabara ya juu ya kilomita 27, Mlolongo hadi Westlands, tangu 2022. Na sisi wa Lamu je? Njia yetu kuu ni hii ya Garsen–Witu–Mokowe, leni mbili tu. Mto Tana ukifura, pale Lango la Simba, kwenye njia hiyo hiyo, ndiyo basi: mabasi yamekwama, maembe yanaoza, mgonjwa anavushwa kwa boti.

Na sababu yajulikana! Tuta la udongo lililobeba barabara limekatiza bonde la mafuriko, maji hayana pa kupitia. Yanajaa upande mmoja, yanapanda juu ya lami, yakimwagikia upande wa pili yanachimba bega la barabara. Udongo ukishaondoka, lami yabaki inaning'inia kama ulimi. Lori la kwanza, chini! Kisha kinaletwa nini? Kifusi! Kifusi kwenye mkondo wa maji, wallahi? Mvua moja, kimekwenda baharini. Hapo pataka daraja refu, au safu ya kalvati pana za zege, yaani njia za maji chini ya barabara, na mawe yaliyopangwa kwenye miteremko ya tuta. Sasa hiyo nayo yangoja nini?