Kijeba na mamluki si mtu mmoja

Kila msimu wa UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi Tanzania, ukifika kelele ni zilezile, vijeba, vijeba, yaani wachezaji waliozidi umri, na mi nakubali zina haki yake. Mtoto wa miaka 12 akigongana na mtu anayenyoa ndevu anaweza kuvunjika mguu, na hata asipovunjika anarudi home akiamini mpira haumfai wakati alizidiwa mwili tu. Halafu uchungu wa umri tunaujua, 2005 Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya vijana, walienguliwa fainali za U-17 za Afrika kwa sababu hiyohiyo.

Ila watu wanachanganya mambo. Mamluki ni mtu aliyetolewa mtaani au sekondari, kavalishwa jezi na kupewa jina la mwanafunzi mwingine, na hapo mwalimu aliyemleta ndo wa kufungiwa kwanza. Kijeba mara nyingi ni mwanafunzi halali kabisa, jina lake liko kwenye daftari la mahudhurio, sema alianza la kwanza na miaka 9 au 10 kwa sababu alikuwa anachunga au shule ilikuwa mbali.

Sasa tunamjuaje? Utafiti wa afya wa kitaifa wa 2015-16 ulikuta watoto chini ya miaka 5 waliosajiliwa kuzaliwa ni 26% tu. Hebu tulia na hiyo namba, maana watoto waliohesabiwa pale ndo hawahawa tunaowaona viwanjani miaka hii, yaani kati ya wanne, watatu hawakuwa wameandikishwa popote, na cheti kinachokuja kutafutwa darasa la sita kinafuata tarehe atakayotaja mzazi, au mwalimu wa michezo. MRI, kile kipimo cha picha za ndani ya mwili, nayo haitusaidii, ile inaangalia kama mfupa wa kifundo cha mkono umeshafunga, inafaa kumnasa aliyepita 17, lakini wa 13 na wa 15 wote bado mifupa iko wazi.

Kwa hiyo anayekamatwa ni nani? Ni yule aliyetaja umri wake wa kweli pale meza ya uhakiki. Aliyepunguziwa miaka anacheza, anafunga, anabebwa, na wenzao wote wanaona. Halafu tunawaambia michezo inafundisha uungwana!

Sisemi kikomo cha umri kifutwe, mkoani na taifa kibaki na kibane zaidi. Ila ngazi ya shule na kata huyu mkubwa apangiwe mechi za wakubwa wenzake, na uhakiki uanzie rejista ya darasa la kwanza, mwaka alioandikishwa, maana hiyo ni ngumu kuichezea kuliko cheti cha juzi.

Kwenye kata yetu dogo mmoja alisema ana 16, akavuliwa jezi palepale. Mechi nzima alisimama nyuma ya goli akiwaokotea mipira wenzake aliofanya nao mazoezi tangu darasa la tatu.