Mtoto mwenye usonji: kitengo maalumu au darasa la kawaida?

Kila Januari shule zikifunguliwa wazazi wenye watoto wa usonji (autism) hapa Dar wanaulizana kitu kilekile, nimpeleke kwenye shule yenye kitengo, yaani darasa maalumu la watoto kama hao, mfano Msimbazi Mseto, au nimuandikishe tu darasa la awali la hapa mtaani akae na wenzake, na majibu wanayopata yanapishana sana.

Wanaotetea darasa la kawaida wana hoja nzito. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 iko upande wao, halafu mtoto wa miaka 5 anajifunza kuongea na kucheza kwa kuwatazama wenzake, sasa ukimtenga atamuiga nani? Na hao wenzake nao wanazoea mapema kwamba kuna mtoto hakuangalii usoni, anarudia maneno uliyomwambia, anapanga vizibo vya soda mstari mmoja asubuhi nzima, na wala hajarogwa.

Ila mzazi anayetaka kitengo simlaumu hata kidogo. Awali nyingi za serikali mjini unakuta watoto 80 au zaidi, mwalimu mmoja, kelele, mvua inapiga bati, na kwa mtoto ambaye kila sauti inamwingia kwa ukali hayo ni maumivu kabisa, akiziba masikio akalia mwalimu anaona utundu, fimbo inafuata. Jina lipo kwenye daftari la mahudhurio, kujifunza hakuna. Kitengoni angalau watoto ni wachache na unaweza kumpata mwalimu aliyesomea elimu maalumu chuo cha ualimu Patandi. Shida vitengo ni vichache na viko mbali, mama anapanda daladala mbili na mtoto asiyevumilia msongamano, na mtoto akishaingia kuna sehemu hatoki tena hata akiwa anaweza hesabu za darasa la jirani.

Mimi naegemea kitengo kilichoko ndani ya shule ya kawaida, mradi mapumziko, nyimbo na michezo wawe pamoja, na somo analoliweza akalisome na wenzake wa darasa la kawaida.

Lakini mwalimu ambaye shule yake haina kitengo asisubiri. Achore picha ukutani za uji, kucheza, kuandika, kwenda nyumbani, mtoto ajue kinachofuata, amwambie mapema ratiba ikibadilika, atumie sentensi fupi, ampe kona yenye utulivu, amuulize mzazi nini kinamtuliza nyumbani. Hayo hayana gharama. Chenye gharama ni mwalimu msaidizi wa awali, na hapo ndipo ningependa halmashauri zianze kuweka hela, manake huyo anawasaidia na wale 79 wengine.