Kodi ya F imenishinda

Leo asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, sijapiga hata mswaki, mama mwenye nyumba kanigongea mlango kwa upole. Rudieni hapo: kwa upole. Huyu mama akitaka hela ya LUKU anagonga kama mgambo. Akitaka mchango wa kunyonya choo anagonga kama mgambo wawili. Ukisikia kagonga kwa upole, ujue ama kuna msiba, ama kuna mpangaji anafungashwa virago.

Lakini ngoja nianzie nyuma, maana nina hasira, na mwenye hasira husimulia kuanzia mkiani.

Mimi ni mtu mzima. Nina miaka arobaini na moja, nina kitambulisho cha taifa, nina heshima yangu hapa Buguruni. Wapangaji wakigombana zamu ya kufagia uwanja, mimi ndiye naitwa kuamua. Sasa miezi mitatu iliyopita, mtu mzima huyu huyu akaamua kujifunza gitaa. Kwa nini, msiniulize. Wenzangu wa rika langu wananunua viwanja Chanika, mimi nikaenda Kariakoo nikanunua gitaa la mtumba, shilingi 120,000, na kurudi nalo konda akalitoza nauli. Nikamwambia hili si abiria. Akasema limekaa.

Basi, kitu cha kwanza unachofundishwa kwenye gitaa ni kodi. Unabana nyuzi mbili tatu kwa pamoja, unapitisha mkono wa kulia, sauti zinatoka zimeshikana, hiyo ndiyo kodi. Aliyeliingiza neno hili kwenye Kiswahili, naapa, hakuwa amepanga chumba.

Mwalimu wangu yuko kwenye simu. Kila kodi kwake ni rahisi sana, na bando langu huwa linakata yeye bado anatabasamu. Lakini nisimsingizie, kanifikisha mahali. Kanianzishia E ndogo, vidole viwili tu, uzi wa tano na wa nne, freti ya pili (freti ni vile vyuma vinavyokatisha shingo ya gitaa). Hiyo ukiikosa rudisha gitaa ulikolitoa. Halafu A, halafu D, vidole vitatu vimebanana kama abiria wa Mbagala saa kumi na moja jioni. Halafu C, kidole cha pete uzi wa tano freti ya tatu, cha kati uzi wa nne freti ya pili, cha shahada uzi wa pili freti ya kwanza, vimekaa kama ngazi. Unapiga umejaa matumaini, kumbe tumbo la kidole cha shahada limegusa uzi wa kwanza, na uzi badala ya kulia unasema "tap", kama mtu aliyezibwa mdomo. Unakinyanyua kidole. Sasa kile cha pete nacho kimenyanyuka, kwa mshikamano.

Vidole vyenyewe vimeota sugu. Kucha za mkono wa kushoto nimekata mpaka nyama, za kulia nimeziacha zikue, na juzi msibani wazee walikuwa wananitazama mikono kuliko walivyomtazama sheikh. Nimekwenda kusajili laini, kijana wa kusajili akanibonyeza kidole mara tisa kwenye kile kimashine. Mashine inasema hakuna mtu.

Hayo yote nimevumilia. Sasa F.

F si kodi, F ni dhuluma. Unachukua kidole cha shahada, kidole kimoja hiki hiki tulichopewa cha kunyooshea watu, unakilaza juu ya nyuzi zote sita kwenye freti ya kwanza, kama mnazi ulioanguka ukafunga barabara. Na pale freti ya kwanza ndipo nyuzi zilipo ngumu kama waya wa kuanikia. Halafu, kidole kikiwa kimelala hapo kinatetemeka, vitatu vilivyobaki viendelee na kazi kana kwamba hakuna kilichotokea: cha kati uzi wa tatu, cha pete uzi wa tano, na kale kadogo ka mwisho, ambako maisha yake yote hakajawahi kufanya kazi yoyote zaidi ya kuchokonoa sikio, nako kapewe uzi wa nne. Gumba linasukuma kwa nyuma. Ukipiga, inatoka sauti ya mtu anatikisa boksi la misumari.

Na huwezi kuikwepa. Nyimbo kibao zinajikalia kwenye kodi tatu tu, na ukiwa kwenye C hizo tatu ni C, F na G. Mafiga matatu. Mimi ninayo mawili, na mnajua sufuria inakaaje juu ya mawili.

Wanaosema gitaa ni kipaji huwa wananitajia Franco, yule mpiga gitaa wa Kongo. Franco Luambo, mzaliwa wa 1938, gitaa lake la kwanza lilikuwa la kopo, na utotoni alikuwa analipiga sokoni Léopoldville, Kinshasa ya leo, ili kuvuta wateja waje kwenye meza ya mama yake. Vizuri sana. Mimi mama wa vitumbua wa hapo barazani kaniletea vitumbua vitatu vya bure, vya moto, kwa sharti kwamba nisiguse gitaa mpaka saa tatu asubuhi, amalize kuuza. Nilikula. Njaa haina maringo.

Kwa hiyo ninafanya mazoezi usiku. Na usiku wa kuamkia leo, saa tano, baada ya kujaribu F mara kama sitini, ni kweli nilisema kwa sauti, "Jamani hii kodi imenishinda!" Nikaongeza, "Nitaiacha niondoke zangu!" Kuta za nyumba yetu mnazijua, zimeishia njiani kabla ya kufika bati.

Turudi mlangoni. Nafungua, mama huyo, kajitanda khanga, na mkononi kaja na kigoda chake. Mtu akija na kigoda ujue salamu si fupi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umeamkaje?"

"Nashukuru Mungu."

Akakaa. Akavuta pumzi. "Mwanangu, mimi ni mzazi. Nimesikia usiku."

"Umesikia nini, mama?"

"Kodi inakushinda."

Hapo nilifanya kosa ambalo ni la usingizi tu, sidhani kama ni la akili. Nilifurahi. Miezi mitatu katika nyumba ya wapangaji tisa, huyu ndiye mtu wa kwanza kuniuliza habari za gitaa langu kwa huruma. Nikajiegemeza mlangoni nikafunguka.

"Mama, we acha tu. Inanitesa."

"Tangu lini?"

"Wiki ya tatu hii. Zile nyingine sina matatizo nazo, ni hii moja tu."

"Zile nyingine?" Kigoda kikalia. "Kwani una kodi ngapi, baba?"

"Tano, mama. Hii ndiyo ya sita."

Akashika kifua. "Tano! Ziko wapi?"

"Zote niko nazo humu humu ndani."

Akanyoosha shingo akachungulia chumbani kwangu nyuma ya pazia. Godoro, ndoo, pasi, shati la kazini. Alikuwa anawatafuta watu watano.

"Umepangishia watu chumba changu?"

"Hapana mama, naongelea mazoezi. Unajua kuna kodi kubwa na kodi ndogo. Mimi nilianza na ndogo, ile ya vidole viwili."

"Vidole viwili ndiyo elfu ishirini?"

Sasa hapo mtu mwenye akili angeshtuka. Mimi nilidhani mama anataka kujua bei ya mafunzo. Nikamwambia ya bure, napata kwenye simu. Akatingisha kichwa, akasema dunia imeharibika, siku hizi mpaka vyumba watu wanapanga kwa simu.

"Sasa mwanangu, hiyo inayokushinda, unakwama wapi?"

Nikamwambia ukweli kama mgonjwa anavyomwambia daktari. "Mama, kuishika si shida sana. Nikitulia naishika. Shida ni kubadilisha. Natakiwa niwe nabadilisha kodi haraka, bila kusita, na mimi nachelewa."

"Kubadilisha kodi."

"Ndiyo mama. Kila wakati."

Ule upole uliondoka usoni kama maji ya bomba, bila taarifa. Akajifunga khanga upya. Akasema, "Kumbe na wewe umeliona hilo. Mimi nilikuwa naona aibu kulisema. Tangu umeingia hapa, mwaka wa tatu, kodi haijabadilishwa. Wenzangu mtaa mzima wamebadilisha. Basi kuanzia mkataba ujao itakuwa 75,000."

Ilikuwa 60,000.

Ndugu zangu, usingizi uliniruka wote. "Mama, mama, subiri! Si kodi hiyo!" Nikakimbilia ndani nikatoka na gitaa, kifua wazi, taulo kiunoni. Mlango wa chumba cha pili ukafunguka, wa tano ukafunguka. Kijana wa bodaboda akazima pikipiki yake ili asikie. Mama wa vitumbua akageuka, akaona gitaa, akatazama jua kukadiria saa, akaniangalia kama mtu aliyevunja mkataba.

"Mama, kodi ninayoisema mimi ni hii!" Nikalaza kidole cha shahada, nikapanga vile vingine, nikafumba macho, nikapiga F mbele ya umma.

Boksi la misumari.

Kimya. Mama mwenye nyumba kakunja uso, kama anaonja mboga isiyo na chumvi.

"Hiyo ndiyo inakushinda?"

"Hii hii mama."

"Kumbe si ya kwangu."

Na mimi, kwa sababu watu walikuwa wanatazama, na kwa sababu nina heshima yangu, na kwa sababu mtu mzima hawezi kusimama na taulo mbele za watu akaonekana ana dhiki ya chumba kimoja, nikajivuta juu nikasema kwa sauti ya mkutano, "Mama, kodi ya kwako haijawahi kunishinda hata siku moja."

"Basi mwanangu, nimefurahi," akasema, akabeba kigoda chake. "Sabini na tano."

Kijana wa bodaboda alicheka mpaka akakaa chini.

Nimepiga hesabu nikiwa njiani kwenda kazini. Hapa tunalipa miezi sita kwa mkupuo. Nyongeza ya 15,000 mara sita ni 90,000. Yaani naambiwa nilete 450,000 kwa chumba ambacho mvua ikinyesha nahamisha godoro mara mbili, mara ya kwanza kulikimbia tundu la kwanza, mara ya pili kulikimbia la pili. Swichi ya taa iko chumba cha jirani. Bafuni unaingia na kopo la kuzuia mlango. Nani kabadilisha hayo? Mwaka wa tatu huu hakuna aliyenijia kwa upole kuhusu bati! Ningesema usiku kwa sauti kwamba bati limenishinda, hakuna ambaye angesikia, kuta zingefika juu ghafla.

Jioni nimerudi na hasira zangu, nikasema angalau nikaze nyuzi. Nikakaza uzi wa kwanza, ule mwembamba. Simu, ambayo inausikiliza uzi kama umefika sauti yake, inasema bado, naongeza. Bado, naongeza. Ukakatika, ukanichapa kwenye kope.

Mbio Kariakoo kabla hawajafunga. Nauliza uzi mmoja, ule mwembamba. Haiuzwi mmoja, linauzwa fungu la sita. Nikamwambia muuzaji mimi nimekatikiwa na mmoja, watano wako wazima. Akaniambia hata soksi ukipoteza mguu mmoja unanunua jozi. Nikalipa. Kwa hiyo sasa nina nyuzi tano za akiba ambazo hazina kazi, maana huku kwetu hukatika huo huo mwembamba, yale manene yatazikwa na mimi.

Mmoja nimeutundikia chandarua. Mmoja, ule wa tano, Mangi wa duka la kona kauona mkononi akauomba. Nikampa kwa roho safi, nikijua kuna siku nitakopa unga. Kaufunga vijiti viwili pande zote, anakatia sabuni ya mche. Unakata vizuri mno, sipingi, sabuni inateleza kama siagi. Lakini nyie mmekiangalia kipande cha sabuni cha siku hizi? Mche ule ule alikuwa anautoa vipande vinane, leo nimehesabu, kautoa kumi, bei ile ile. Nikamwambia Mangi, hiki kipande kinaona mpaka upande wa pili. Akanijibu bila kunitazama, anaendelea kukata, eti kile kisu cha zamani kilikuwa kinene, sasa kapata uzi wa kitaalamu, mkono unakuwa mwepesi. Uzi wangu! Nikamwambia basi nipe cha bei ya zamani, mimi si mteja wa kawaida, mimi ndiye mwenye mtambo. Kanipa kipande. Nimekifikisha nyumbani, nimefulia shati moja na taulo, kimekwisha kwenye kola.