Sekunde sita za makabidhiano

Idara za magonjwa ya dharura zinapofurika, lawama huwaangukia wanaochelewa kumtoa mgonjwa kwenda wodini. Wapo wasimamizi wanaoona kila fomu mpya ya makabidhiano, yaani ya kumkabidhi mgonjwa na taarifa zake kwa anayempokea, kuwa kikwazo, na hoja yao si ya kupuuzwa: muuguzi aliyezidiwa na wagonjwa hawezi kuandika na kuhudumia kwa wakati mmoja, na fomu zikizidi hujazwa kwa mazoea tu.

Lakini tutazame kinachopotea. Mgonjwa wa kisukari ambaye damu yake imejaa asidi ameanzishiwa dripu ya insulini, na sukari yake inatakiwa ipimwe kila saa. Anasukumwa wodini, faili likiwa miguuni pake, huku muuguzi aliyempima mara ya mwisho amebaki na mahututi mwingine. Wa wodini anasoma kwamba insulini imeanza; kipimo kinachofuata ni saa ngapi, na kiwango cha potasiamu, madini ya damuni, kilikuwaje, hakuna aliyemwambia. Kitanda kimoja cha dharura kimeachwa wazi, na hatari imehamia wodini.

Utafiti wa I-PASS, uliochapishwa mwaka 2014, ulifuatilia wagonjwa 10,740 waliolazwa katika hospitali 9 za Marekani na Kanada, ambako madaktari waliokuwa wakisomea ubingwa wa watoto walifundishwa kukabidhiana kwa mpangilio: uzito wa hali ya mgonjwa, muhtasari, kazi zilizobaki, linaloweza kutokea, kisha mpokeaji arudie alichosikia. Makosa ya kitabibu yalipungua kwa asilimia 23 na madhara yanayozuilika kwa asilimia 30. Takwimu ninayoitaka isomwe polepole, hata hivyo, ni ya muda: makabidhiano ya mgonjwa mmoja yalichukua dakika 2.4 kabla ya mafunzo na 2.5 baada yake. Tofauti hiyo ni sekunde 6, nasi bado tunaambiwa kwamba muda hautoshi.

Ni kweli kwamba utafiti ule ulihusu madaktari wanaopokezana zamu, si safari ya kutoka dharura kwenda wodini, na kwamba makabidhiano mazuri hayazai vitanda. Wodi ikijaa, mgonjwa atasubiri tu. Hata hivyo Tanzania, ambako Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilifungua idara yake ya dharura mwaka 2010 na kuanza kufundisha mabingwa wa fani hiyo, haikosi watu wa kuuandaa utaratibu huu. Ningeanza na sharti moja: machela isiondoke kabla muuguzi anayempokea mgonjwa hajayarudia, kwa mdomo wake, yaliyobaki kufanywa.