Kuja na Ngazi

Dishi la setelaiti ya nyuzi 36 mashariki, ukilifunga Dodoma, linalala karibu chali. Mji wenyewe uko kwenye nyuzi hizo hizo za ramani, hivyo setelaiti iko karibu utosini mwako, nyuzi kama 83 kutoka upeo wa macho, imeegemea kaskazini kidogo tu. Mgeni akiliona anadhani fundi alikuwa amelewa. Shida ni kipupwe. Mwezi wa sita upepo wa Dodoma hauvumi, unapekua. Unaingia chini ya dishi kama unavyoingia chini ya mwavuli, na kinachokuokoa ni nati nne pale dishi linapokumbatia bomba.

Mimi nilikaza mbili. Spana namba 13 nilikuwa nimemwazima mtu, nati mbili zilizobaki nikazikaza kwa vidole, nikasema kesho.

Kosa la pili lilikuwa la zamani zaidi. Mimi ni Mkenya, lakini pale Nkuhungu, mtaani kwetu Dodoma, nilijiita mtu wa Tarime, Tanzania, karibu na mpaka wa Kenya. Sikuwa naona aibu, nilikuwa nimechoka. Ukijitaja Mkenya, lazima mtu akukumbushe kwamba Kiswahili kilizaliwa Unguja, kikakulia bara, kikaugua Kenya na kikafia Uganda. Wa pili atakuuliza kwa nini mna haraka hivyo, mnakimbizwa na nani. Wiki yangu ya kwanza nilimwambia mama lishe, "Nipe chai." Akanitazama kwa upole, akauliza, "Kwani uliniachia nikutunzie?" Tangu siku hiyo hata maji ya bomba nayaomba.

Na sisi kwetu si malaika. Tunasema Mtanzania nyumba yake ikishika moto, atakuja kwako abishe hodi, aulize habari za watoto, za kazi, za mifugo, na ukimrudishia "na nyumbani je?" atajibu, "Nyumbani kwema tu, ila panaungua."

Sasa tarehe 27 Juni 2019, Cairo, Kombe la Mataifa ya Afrika, Kenya na Tanzania kundi moja. Siku nne kabla, Senegal ilikuwa imeifunga Tanzania 2-0, na Algeria nayo ikaifunga Kenya 2-0, kwa hiyo kila mmoja alikuwa anatafuta mnyonge wa kumalizia hasira. Mechi ilianza saa tano usiku kwa saa zetu. Kibanda umiza kilijaa hadi watu wakakalia ndoo, kiingilio shilingi 500, makoti na mablanketi kama msibani. Mimi nikakaa mbele karibu na king'amuzi, fundi mheshimiwa.

Dakika ya 6 Msuva akafunga. Nikashangilia kuliko wote, mpaka mzee mwenye banda akaniambia nipunguze. Dakika ya 39 Olunga akasawazisha. Nikainama kufunga kamba za viatu ili nifiche uso. Nilikuwa nimevaa kandambili. Kabla sijainuka, dakika ya 40, Samatta akaweka la pili, nikalazimika kuinuka nikiwa nalia, wakadhani ni machozi ya uzalendo. Dakika ya 62 Omolo akarudisha, 2-2, nami nikakohoa kwa muda mrefu.

Kama dakika kumi hivi baadaye, picha ikaanza kukatika vipande vipande. Hapo usidanganywe na mstari wa nguvu ya mawimbi kwenye king'amuzi, huo unaweza kubaki ulipo. Tazama ubora. Wetu ulikuwa unapanda na kushuka kama pumzi ya mgonjwa, maana yake dishi linacheza. Dishi la sentimita 90 halina msamaha: ukingo ukihama sentimita moja na nusu tu, setelaiti umeshaiacha.

Nikapanda ngazi. Nati mbili za vidole zilikuwa zimeshajifungua zenyewe. Bila spana dawa ilikuwa moja: nilikumbatie dishi kwa mikono miwili, kifua kwenye bomba, niwe nati ya tano. Kijana mmoja akasimama mlangoni kunielekeza. "Ipo! Imekata! Rudisha! Hapo hapo, usipumue!"

Juu ya bati huoni mpira. Lakini mfukoni mwa koti nilikuwa na kiredio cha betri mbili, na kile kilikuwa mbele ya dishi kwa sekunde kadhaa. Watu husema ni umbali. Wala. Kupanda kilomita 36,000 hadi kwenye setelaiti na kushuka ni robo ya sekunde tu. Kinachochelewesha hasa ni kuibana picha huko inakotoka na kuifungua huku kwenye king'amuzi.

Kwa hiyo dakika ya 80 nilijua peke yangu. Olunga tena. Miaka yote ya utu wa Tarime ikanitoka kwa sauti moja: "Gooooli!" Na mikono ikaenda juu.

Dishi likageuka kama alizeti. Chini skrini ikawa nyeusi, lakini nani alijali? Fundi kasema goli! Banda likalipuka. Nilisikia mabenchi yakianguka, mtu akaanza kulia kwa jina la Samatta, mzee mwenye banda, ambaye hajawahi kukopesha hata kiberiti, akatangaza soda kwa wote. Nami juu nikiruka, bati likigonga, tukashangilia pamoja, Watanzania na Mkenya, goli moja.

Kisha nikalirudisha dishi. Kijana akapaza sauti, "Ipo!" Pakawa kimya.

Tatu kwa mbili, Kenya.

"Fundi," mzee akaita taratibu kutoka gizani, "umeshangilia nini?"

Nikapapasa ukingo wa bati kwa mguu. Ngazi haikuwepo. Baridi, upepo, woga, na ulimi ukarudi kwao: "Mzee, kuja na ngazi!"

"Kuja?" akauliza. Wakarudia benchi zima, mmoja mmoja, kama darasa la kwanza: "Kuja!"

Ngazi ilirudi saa nane kasoro, baada ya shikamoo, habari za jioni, pole na mechi, na "naomba" tatu, ya mwisho ikikosolewa lafudhi. Soda nililipa mimi.

Tarehe 1 Julai nilikuwa nimekaza nati zote nne, nikaongeza vile vibati vya duara vya chini ya nati, washa, na waya tatu za kuvutia bomba. Upepo ulivuma usiku kucha, dishi halikutikisika. Picha safi kabisa: Algeria 3, Tanzania 0. Chaneli ya pili, safi vilevile: Senegal 3, Kenya 0. Tulipofika la tatu, mtu wa benchi la nyuma akasema kwa sauti ya chini,

"Fundi, naomba upande juu kidogo."