Mshauri nasaha hanolewi kwa siku tatu za ukumbini

Elimu endelevu kwa wanasaikolojia na washauri nasaha wa Mtwara na Lindi imezoeleka kwa sura moja: siku tatu ukumbini, projekta, chai ya saa nne, kazi za vikundi, fomu ya posho, cheti. Jumatatu inayofuata mshauri amerudi chumbani kwake na anazungumza na mteja vilevile alivyozungumza kabla ya semina. Naupinga utaratibu huu. Sina ugomvi na chai wala posho, watu wanasafiri na lazima wale. Ugomvi wangu ni kwamba haufundishi.

Mwaka 2004 William Miller na wenzake walichapisha utafiti kuhusu watoa tiba 140 wa watu wenye uraibu huko Marekani, waliokuwa wakijifunza mahojiano ya kuhamasisha, yaani namna ya kuzungumza inayomsaidia mteja aone mwenyewe sababu zake za kubadilika. Wengine walipewa warsha tu. Wengine waliongezewa maoni juu ya kanda za mazungumzo yao na wateja, wengine mwelekezi, wengine vyote viwili. Waliopata maoni au mwelekezi walikuwa na ustadi zaidi kuliko wa warsha peke yake. Linalonigusa zaidi ni hili: walivyojipima wenyewe hakukuhusiana na walichokuwa wakifanya kwenye kanda. Maana yake ile fomu ya mwisho wa semina inayouliza "umejifunza kwa kiasi gani?" haitupi jibu la maana.

Wala miaka ya kazi peke yake haimnoi mtu. Simon Goldberg na wenzake, mwaka 2016, walichambua taarifa za watoa tiba 170 na wateja wao 6,591. Kwa wastani, kadiri mtaalamu alivyokaa kazini, matokeo ya wateja wake yalishuka. Yalishuka kidogo sana, lakini tulitarajia yapande.

Sasa tufanye nini huku kusini? Fedha ileile ya siku tatu igawanywe. Siku moja iwe ya kufundisha, fedha ya siku mbili zilizobaki iendeshe vikundi vidogo vya kila mwezi vya watu 4 hadi 6, saa mbili kila kikao. Anayewasilisha alete dakika 10 tu za sauti, sehemu aliyokwama, pamoja na swali moja: "Mama huyu aliponyamaza, ningefanya nini?" Wenzake wasikilize bila kukatiza, kisha kila mmoja aandike sentensi moja ambayo yeye angemwambia mteja. Isiwe maelezo kuhusu mteja, iwe sentensi yenyewe, kwa maneno yatakayotoka mdomoni. Halafu igizo: mwenye kesi awe mteja, mwingine awe mshauri, dakika tano, wabadilishane. Mwisho mwenye kesi arudie sehemu ileile kwa namna mpya. Hapo kwenye kurudia ndipo mtu anapojifunza, na ndipo vikundi vingi hukata tamaa kwa kuishiwa muda.

Muda unaishia wapi? Kwenye historia ya mteja. Mtu anaanza na kuzaliwa kwake, ndoa ya kwanza, shamba lililouzwa, na dakika 40 zimekwisha. Wekeni dakika tatu za historia na mtu wa kushika saa. Kosa la pili ni kuleta kanda ya siku uliyofanya vizuri, ukaondoka na pongezi. La tatu, na hili ni gumu kulisema maofisini, ni bosi kukaa ndani ya kikundi. Anayeandika tathmini yako ya kazi akiwa amekaa pembeni, hutaleta kosa lako hata siku moja.

Kurekodi kunataka uangalifu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inahesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Ridhaa ya kurekodiwa iandikwe peke yake, isichanganywe na ya kupata huduma, na mteja aambiwe wazi kwamba akikataa atahudumiwa vilevile. Simu iwe na namba ya siri na izimwe ile hali ya kuhifadhi faili mtandaoni zenyewe. Msitumiane kanda kwa WhatsApp. Ifutwe kikao kikiisha. Tena katika mji mdogo kama Newala au Nachingwea kuficha jina hakutoshi, kwa sababu sauti nayo ni jina. Kikundi kikiwa na hata mtu mmoja anayeweza kumtambua mteja, acheni kanda, mwenye kesi aigize mazungumzo kwa kumbukumbu.

Kuhusu cha kufundisha, ningeanza na vitu vilivyobadilika ambavyo bado vinasomwa kwa madaftari ya zamani. Mfano ni msiba. Mwongozo wa kimataifa wa magonjwa, ICD-11, ulioanza kutumika Januari 2022, una ugonjwa wa huzuni ya msiba isiyopungua, na unataka angalau miezi sita ipite, tena huzuni izidi wazi kile ambacho jamii na dini ya mtu vinakitarajia. Mjane aliye kwenye eda, miezi minne na siku kumi, amejifungia na hapokei wageni ovyo, si mgonjwa. Mshauri anayesoma orodha ya dalili bila kuuliza mila atamtibu mtu asiyeumwa.

Jingine ni majanga. Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilipokata barabara ya kusini, mahitaji ya huduma ya kisaikolojia yalikuwa dhahiri. Bado wapo wanaoamini kwamba waathirika wakusanywe mara moja wasimulie kila walichokiona. Shirika la Afya Duniani halipendekezi hivyo. Mwongozo wake wa mwaka 2011 wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia unasema tazama, sikiliza, unganisha: angalia usalama na mahitaji, msikilize anayetaka kusema bila kumchokonoa, mfikishe kwa ndugu, chakula na huduma.

Halafu dodoso la PHQ-9, la kupima dalili za sonona, yaani huzuni kubwa ya kudumu inayomwondolea mtu hamu ya maisha. Lina maswali tisa, kila moja alama 0 hadi 3, jumla 27, na 10 ndipo washauri wengi wanapoanza kushuku kwamba mteja ana sonona. Makosa ninayoyaona mabaya zaidi ni mawili. La kwanza, kusahau kwamba linauliza wiki mbili zilizopita. Mkulima aliyeuza korosho zake kwa kangomba, yaani kwa mlanguzi kwa bei ya chini nje ya mnada, na sasa anadaiwa atakujibu kwa maisha yake yote usipomrudisha kwenye wiki hizo mbili. La pili, swali la tisa, la mawazo ya kufa au kujidhuru, husomwa harakaharaka kwa aibu. Jibu lolote lisilo sifuri linataka usimame hapo hapo: uliza kama ana mpango, na uliza dawa za kupulizia mikorosho zinawekwa wapi nyumbani. Kuanzia Juni, msimu wa kupulizia, sumu hizo zimo ndani ya nyumba nyingi. Panga na ndugu anayeaminika azihamishie penye kufuli siku hiyohiyo, mteja asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali. Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo. Hili ningependa kila mshauri alifanyie igizo mpaka sauti yake isitetemeke.

Dodoso hilohilo linampima na mshauri. Chukua wateja wako kumi wa mwisho, wote kwa mpangilio, hata walioonekana mara moja wakapotea. Andika alama ya kwanza na ya mwisho. Kushuka kwa alama 5 au zaidi ni nafuu ya kweli. Ukiwaacha nje waliopotea, utajiona hodari bure, kwa sababu huenda wao ndio waliokuambia kwa miguu kwamba hukuwasaidia.

Ratiba nayo ifuate kusini ilivyo. Oktoba hadi Desemba watu wako kwenye korosho na minada, na wateja hupungua. Vikundi viendelee, visiahirishwe, maana hapo washauri ndio wana nafasi. Masika barabara haziaminiki, kikao kifanywe kwa simu ya sauti na kesi isomwe bila kanda. Miezi ya kiangazi wakutane uso kwa uso Mingoyo, njia za Lindi, Mtwara na Masasi zinapokutana, na nauli ilipwe na mwajiri kwa fungu lilelile lililokuwa likilipia ukumbi.