Kasi ya fundi wa kucha hutoka wapi?

Katika saluni nyingi za Dar es Salaam, binti aliyetoka kujifunza kazi ya kucha hupimwa kwa swali moja, nalo ni muda anaotumia kumaliza seti nzima, yaani kucha zote kumi. Mwenye saluni huuliza kwa sababu kiti kilichokaliwa kwa saa tatu kimewakosesha nafasi wateja wengine, na mteja huuliza kwa sababu ana shughuli ya jioni. Swali ni la haki, wala sitajifanya kwamba muda si fedha katika kazi hii. Ninachokipinga ni jibu ambalo mafundi wapya hujipa wenyewe, kwamba wanapaswa kuiharakisha mikono. Kwa nilivyoona katika kufanya kazi hii na kuwaelekeza wengine, anayechelewa ni nadra kuwa na mikono mizito. Mara nyingi anarudia kazi ambayo alikwisha kuifanya.

Akriliki, yaani unga unaochanganywa na dawa yake ya majimaji kisha ukaganda juu ya ukucha, inaonyesha jambo hili waziwazi. Fundi mpya huogopa kitonge kikubwa, hivyo hushika brashi nyembamba na kuupachika ukucha mmoja vitonge vitano au sita, kila kimoja kikiacha kilima chake, kisha humaliza muda wake mwingi akivisugua vilima hivyo ili vilingane. Brashi ya namba 8 au 10 ingebeba unga wa kutosha kuufunika ukucha kwa vitonge viwili au vitatu, na kusugua kungebaki kuwa kazi ya kumalizia tu. Akiokoa dakika 2 kwa kila kidole, ameokoa dakika 20 kwa mikono miwili, na hakuna mahali alipokimbia. Zaidi ya hapo lipo joto letu. Mwezi Januari, katika chumba kisicho na kiyoyozi, akriliki huganda mapema kuliko ionekanavyo kwenye video za nchi za baridi, na binti hujilaumu kwamba ni mzito ilhali anachohitaji ni kitonge chenye dawa ya majimaji iliyoongezwa kidogo na feni isiyopuliza mezani kwake. Dawa hiyo nayo ikizidi, akriliki hutiririka hadi kwenye ngozi, na kuisafisha huko kunakula muda uleule alioukimbia.

Kwa sababu hiyo sioni faida ya fundi mpya kuipima seti nzima kwa saa ya ukutani. Apime hatua: kubandua kucha za zamani, kuandaa ukucha, kuchagua tipsi (kucha za plastiki za kubandika), kuweka jeli au akriliki, kusugua, kupaka rangi. Akifanya hivyo kwa wateja wachache atashangaa kuona kwamba muda wake haupotei pale alipodhania. Wapo wanaoupoteza katika tipsi, kwa kuwa huchagua moja na kuibandika, kisha huanza kutafuta inayofuata, badala ya kuzipanga zote kumi mezani kabla ya kuigusa gundi. Wengine hupoteza muda kwa kunyanyuka kila mara kufuata pamba au asetoni iliyokaa rafu ya mbali.

Zipo hatua mbili ambazo kuzifupisha ni hasara. Ya kwanza ni maandalizi: kigozi kinachopanda juu ya ukucha kisipoondolewa, na mafuta yasipofutwa, jeli itanyanyuka pembeni baada ya siku chache na mteja atarudi kutaka arekebishiwe bure. Ya pili ni muda wa taa inayokausha jeli. Jeli nyingi kwenye taa ya LED huhitaji sekunde 30 hadi 60 kwa kila tabaka, na jeli ambayo haikukauka vizuri, au iliyogusa ngozi, inaweza kumletea mteja au fundi mwenyewe mzio wa akrilati, kemikali zilizomo katika jeli na akriliki, mzio ambao ukishaanza kwa kawaida hauondoki, na unaweza kumletea mtu shida hata kwa daktari wa meno, kwa kuwa baadhi ya vifaa vya kuzibia meno vina kemikali za jamii hiyohiyo. Umoja wa Ulaya, kwa kanuni ya mwaka 2020, uliagiza bidhaa za kucha zenye HEMA, kemikali mojawapo ya jamii hiyo, zitumiwe na wataalamu pekee na ziandikwe onyo la mzio. Mkono mmoja ukiwa kwenye taa, fundi aupake wa pili. Huo ndio muda halali wa kuokoa.

Kuhusu kujiamini, nadhani tunawashauri vibaya mabinti tunapowaambia wasiogope. Mchoraji wa hina wa Zanzibar au Mombasa anayemchora bibi harusi huku shangazi na marafiki wa bibi harusi wakitazama na kukosoa hana ujasiri wa ajabu. Ana maua ambayo ameyachora mara nyingi kiasi kwamba mkono hausubiri kuelekezwa. Fundi wa kucha naye achague umbo moja na urefu mmoja, aurudie kwa ndugu na majirani, kwa kuwa kidole cha plastiki cha kufanyia mazoezi hakitikisiki, hakitoki jasho, wala hakipokei simu. Mteja akiuliza, "Fundi, utanichukua muda gani?" ataje muda wa kweli hata kama ni saa mbili na nusu. Aliyeahidiwa saa moja na nusu huanza kuguna muda ukipita, na ni miguno hiyo inayoutetemesha mkono wa fundi.

Wenye saluni nao wana sehemu yao, hasa pale wanapomlipa binti kwa idadi ya vichwa tangu wiki ya kwanza kisha wakalalamika kwamba kazi yake inabanduka. Siku za kuelekea Idi, foleni inapofika mlangoni, ningependa wampe kazi ya kubandua na kuandaa tu, na wamlipe kwa hiyo, huku fundi mzoefu akiendelea na mteja kuanzia hapo. Atapitiwa na kucha za kila aina kwa siku chache, zikiwemo zilizoliwa na zile zilizokwanguliwa vibaya kwingine, na mzoefu naye atamaliza wateja wengi zaidi.